Kisima cha Ngomeni na Uchafu wa Waingereza

Kilichonipeleka Ngomeni ni uchafu wa Waingereza, na nawaomba msinune kabla sijaeleza. Mimi ni mzaliwa wa Takaungu, mwalimu wa historia hapa Gede. Kila mwaka huwafundisha vijana habari za Uingereza ya zamani, wakati viwanda vilipoanza: masikini walivyosongamana mijini, walivyolala familia tatu chumba kimoja, walivyokufa kwa kipindupindu, na jinsi serikali yao ilivyojikongoja hadi ikawapatia maji safi. Wanafunzi husinzia. Katika miaka yote hiyo ni mmoja tu ambaye sikumwona akisinzia, naye ni Kadzo, binti wa Kigiriama, ambaye katika mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka hii ya themanini, alikuwa nesi wa zahanati ya Ngomeni.

Basi Jumatano moja dereva wa lori la chumvi alinishushia barua yake. "Mwalimu, shikamoo," aliandika. "Watoto wanaharisha hapa tangu mvua ya masika. Wakubwa wangu wameniamuru nikifunge kisima cha msikitini ifikapo Jumatatu. Lakini kile kisima ni wakfu wa marehemu mama yake Bi Rukia, na Bi Rukia ameapa kwamba atakayeigusa kamba amegusa kaburi la mama yake. Mimi nikisema naambiwa mtoto wa juzi. Njoo uwasimulie ile habari ya bomba la London. Wewe una mvi, watakusikiliza."

Wakfu si jambo la mchezo kwetu. Mtu akichimba kisima akakitoa kwa ajili ya Mungu, hakiuzwi wala hakirithiwi, na kila anayekunywa, thawabu humfikia mwenye kukitoa huko kaburini aliko. Kukifunga ni kama kumkatia marehemu posho. Kwa hiyo Bi Rukia hakuwa mkaidi. Alikuwa mtoto anayemlinda mamake. Hayo niliyafahamu vizuri, lakini nisiwafiche, furaha ilinizidi. Miaka yote nafundisha somo la kusinziwa, na leo kuna watu wanalihitaji! Mke wangu aliniambia, "Punguza kujitazama kwenye kioo, Bakari, unakwenda kwenye watoto wagonjwa." Aliniambia kweli.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Malindi. Nilinunua halua ya kuwapelekea wenyeji, nikapanda basi la kwenda kaskazini, na tulipovuka daraja la Sabaki mto ulikuwa mwekundu umejaa hadi kwenye vichaka. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu kimoyomoyo, na nadhani mara moja mbili sauti ilinitoka, maana mama aliyekaa karibu nami alihamia kiti cha nyuma.

Gongoni nikashuka. Hapo ndipo penye mashamba ya chumvi, meupe hadi yanaumiza macho. Nilimkuta yule dereva aliyeleta barua, akanipandisha mbele.

"Waenda kufanya nini Ngomeni, Mwalimu?"

"Kusimulia habari za Waingereza."

"Wamefanya nini tena hao?" akauliza, na alicheka peke yake mpaka tukafika.

Ngomeni niliingia saa tisa alasiri. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Athmani, mdogo wake Bi Rukia, fundi wa kushona matanga, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Alinipokea kwa wali na samaki wa kupaka, akaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sisi twaumwa kweli, kwa hivyo umekuja wakati wake." Dada yake alikuja kunisalimu akiwa amejifunga kanga mbili, mwembamba, mgongo umenyooka. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani na ya watoto, mmoja mmoja. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Nimesikia umeletwa kuja kunifungia kisima."

"Nimeletwa kusimulia hadithi tu, Bi Rukia."

"Hadithi sijaikataa," akasema. "Karibu maji." Akanipa kata. Nikanywa, na wallahi yalikuwa matamu. Kule ukichimba popote unakutana na chumvi; kisima hicho kimoja ndicho chenye maji ya kunyweka. Kadzo alikuwa amesimama mlangoni ananikazia macho huku mimi nakunywa, na hapo ndipo nilipokumbuka nimekuja kwa kazi gani.

Kabla ya magharibi Mzee Athmani alinishika mkono akanipeleka kuona fahari yake. Mwaka uliotangulia alikuwa amejenga choo cha msikiti, naye akakiweka wakfu. Kilikuwa cha mawe, kimepakwa chokaa, na kina bomba refu la kutolea hewa. Alikiweka karibu kabisa na kisima, na sababu yake ilikuwa nzuri: mtu akitoka chooni anahitaji maji ya kujitahirisha na ya kutia udhu, na wazee wengine magoti yameshachoka, hawawezi kubeba ndoo mbali. Niliingia, nikavuta pumzi. Hapakuwa na harufu hata kidogo. "Mzee Athmani," nikasema mbele ya watu, "choo hiki hata Ulaya kingesifiwa!" Alifurahi kama bwana harusi. Nami nilikwenda kulala nimeridhika.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri watu walijaa uwanja wa madrasa, kando ya msikiti, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto katikati. Nikaanza. Niliwaambia kwamba zamani, mababu wa hawa wazungu wanaojianika ufukweni Malindi walikuwa masikini wa kutupwa, wamehama mashamba kufuata viwanda, wanaishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na choo kimoja kinatumiwa na mtaa mzima.

"Waingereza hawa hawa?" mvuvi mmoja akauliza.

"Hawa hawa. Na wengine wakimwaga ndoo za uchafu dirishani."

Lo! Uwanja ulivunjika kwa vicheko. Wanawake walijifunika kanga usoni, Mzee Athmani alifuta machozi. Mimi nami nikanoga. Nikawaambia habari ya nyumba za mafukara, kwamba aliyeshindwa kabisa alipelekwa huko akapewa uji, lakini mume aliwekwa upande wake, mke upande wake, na watoto wakatengwa nao.

Vicheko vikakatika. "Kwa nini?" Bi Rukia akauliza.

"Ili waone haya, wasizoee kusaidiwa."

"Astaghafirullahi! Uji wa kumtenga mtu na mwanawe!" akasema. "Maskini, hawakuwa na jamaa?" Na wanawake wenzake wakawa wanawasikitikia Waingereza kwa moyo, kama watu wa kijiji cha pili.

Nikaingia kwenye kipindupindu. Nikasema wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa unaingia kwa pua, kwa harufu mbaya, kwa hiyo palipokuwa hapanuki waliona ni salama. Mpaka daktari mmoja alipopita mlango kwa mlango akiuliza swali moja tu: mwachota maji wapi? Akagundua wanaokufa wanachota bomba moja la kusukuma kwa mkono, linalovuta maji kisimani. Akawaambia viongozi wa mtaa, wakang'oa mkono wa bomba, watu wasiweze kuchota. "Na baadaye walipochimbua," nikamalizia kwa madaha, kidole juu, "wakakuta shimo la choo limekaa hatua chache tu kutoka kwenye yale maji!"

Kidole kilibaki juu. Nilijisikia nimesema kitu, lakini sikujua bado ni kitu gani. Naapa, nilikuwa nimelifundisha jambo lile mara nyingi kuliko nilivyokula halua, na jana yake nilisimama katikati ya kisima na choo nikasifu kwamba hakinuki. Nyani haoni kundule.

Bi Rukia ndiye aliyeona. "Hatua ngapi, Mwalimu?"

"Chache, Bi. Tatu, nne."

Akamgeukia nduguye. "Athmani, choo chako na kisima cha mama ni hatua ngapi?"

Mzee Athmani aliinuka, akaenda hadi ukutani mwa choo, akaanza kupiga hatua kuelekea kisimani. Watoto wa madrasa, ambao waliona ni mchezo mzuri, wakamfuata wakihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu! Kufika sita sauti zilikuwa zimepungua. Ya tisa ilisemwa na mtoto mmoja tu, na mguu wa mzee ukagonga ukingo wa kisima.

"Nilikijenga kwa nia ya mama," akasema Mzee Athmani. "Ulisema kisima ni chako kukitunza, Rukia, nami nikataka niwe na changu cha kumpelekea." Yule mtu wa vicheko akakaa chini mchangani, akafunika uso. Mimi nililia, siwadanganyi. Nilimtazama Kadzo, na yeye alikuwa ametazama chini, kufuli aliyopewa na wakubwa wake imo mfukoni mwa koti, naiona ilivyovuta kitambaa.

Bi Rukia alikwenda akasimama mbele ya nduguye. "Nia yako imeshaandikwa," akamwambia. "Haifutwi na shimo. Inuka, mtu mzima halii mbele ya watoto." Kisha akamwita Kadzo, na kwa mara ya kwanza hakumwita mtoto wa juzi. "Nesi, kinatibika hiki kisima, au ndiyo kimekufa?"

Kadzo alinyanyuka hapo hapo. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kuliko mimi: shimo la choo litolewe uchafu na kufukiwa, jipya lichimbwe mbali, upande wa chini unakotelemkia maji, kisima kikaushwe, kitiwe dawa, kijengewe mfuniko, na maji yapelekwe Malindi yakapimwe. "Inaweza kuchukua miezi, Bi Rukia. Lakini kinatibika."

"Basi choo kipya kichimbwe katika kiwanja changu cha minazi," akasema Bi Rukia. "Nakitoa. Na wenye magoti mabovu watawekewa birika huko huko." Dereva wa lori, ambaye alikuwa amebaki kusikiliza habari za Waingereza, akajitolea kuleta mapipa ya maji kutoka Gongoni kila anapopita.

Hapo Bi Rukia alikwenda kisimani mwenyewe. Aliifungua kamba, fundo baada ya fundo, hakutaka msaada, akaitoa ndoo ya bati na kunikabidhi. "Ikikaa hapa kuna mtu atashindwa na kiu," akasema. "Nenda nayo Gede. Simfungii mama kisima, nakipumzisha. Nesi akisema maji yamepona, uilete kwa mkono wako. Usiponiletea, Mwalimu, nitakudai mbele ya Mungu." Kufuli ya Kadzo haikutoka mfukoni.

Jumapili nilirudi, na kila kituo niliulizwa mtu mzima aliyevaa koti anakwenda wapi na ndoo ya kisima. Malindi nilimkuta yule mama wa juzi kwenye basi. Aliponiona akahama kiti bila hata kungoja niseme kitu. Tumbo nalo lilinikamata palepale Gede, siku mbili nzima, na mke wangu alinihudumia huku akiniuliza kama Waingereza hawajambo.

Ndoo niliiweka juu ya meza darasani. Toka siku hiyo hakuna aliyesinzia katika somo lile, maana wote walingoja kujua kama itarudi. Mimi mwenyewe nililifundisha kwa namna nyingine. Zamani nilisema daktari alikuwa na akili na masikini walikuwa wajinga. Sasa nasema kwamba London waling'oa mkono wa bomba bila kujua ni la nani, na ugonjwa ulipopungua wakaurudisha, maana wengi walikuwa bado hawajasadiki. Ngomeni mwenye kisima alifungua kamba mwenyewe. Tena nasema mwalimu wao alisimama katikati ya choo na kisima akasifu hewa, na hapo wanafunzi hucheka sana.

Mvua za vuli zilipokwisha, barua ya Kadzo ilikuja ina mstari mmoja: "Mwalimu, lete ndoo."

Nilikwenda siku iyo hiyo. Kisima kilikuwa na mfuniko wa saruji na watoto walikuwa wazima wanapigana mieleka. Bi Rukia alinipokea ndoo, akaikagua ndani na nje kama anayepokea mtoto kutoka safari, akaifunga kamba, akaishusha. Sote tulimtazama. Nilidhani atakunywa yeye, au, nisiwafiche, nilidhani atampa mgeni aliyebeba ndoo. Alijaza kata, akapita mbele yangu, akapita mbele ya Kadzo, akampa nduguye.

Mzee Athmani alikunywa polepole hadi ikaisha. "Ni yale yale ya mama," akasema.

"Ni ya mama," Bi Rukia akamjibu, "na yako." Akamjazia kata ya pili.