Shimo la Pili

Kwenye masomo yangu ya uzamili wa uhamasishaji wa afya ya jamii, nilifundishwa mapema kwamba mwenye kosa ni mwanakijiji. Asiyetumia choo hana uelewa: apewe elimu, abandikiwe bango, basi. Sentensi hiyo nilikataa kuiandika kwenye tasnifu yangu, na mpaka leo sijui kama nitahitimu.

Nilikusanya data vijijini, Chamwino. Nyumba nyingi nilizoingia zilikuwa na choo kizuri, chenye sakafu na mlango. Ila wanawake walioolewa humo walikuwa wakienda porini. Nikamuuliza mmoja wao sababu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Humo anaingia baba mkwe," alisema. "Na mimi niingie humo humo?"

Habari za kipindupindu alikuwa nazo. Kilimchukua dada yake.

Basi nikaandika kwamba hawa hawajakosa uelewa, wamekosa shimo la pili. Msimamizi wangu alisoma, akavua miwani.

"Andika ukosefu wa uelewa, mama. Jopo limezoea hivyo. Maliza, upate cheti chako, urudi kazini."

"Sawa, Dokta," nilisema, na sikubadilisha hata neno. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kumbishia.

Siku ya kutetea tasnifu, mzee mmoja wa jopo aliifungua kwenye ukurasa ule ule. "Hizi ni mila potofu," alisema. "Msomi kama wewe unazitetea?"

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nikamwambia, "Dokta, baba mkwe wangu alikuja kwetu Mkonze kutibiwa macho, akakaa mpaka akapona. Choo tunacho kimoja, cha vigae, maji yanatoka. Muda wote huo mimi nilikuwa navuka barabara kwenda kwa jirani. Digrii ninayo. Mnibandikie bango gani?"

Mama mmoja aliyekaa pembeni mwa jopo, ambaye hakuwa ameuliza kitu tangu asubuhi, aliweka kalamu chini.

"Na kama jirani asingekuwepo?"

"Ningeingia kwenye mtama, mama."

Aliinamisha kichwa. Sikujua ananihurumia au anajikumbuka.

Walinirudisha na masahihisho: niondoe habari zangu binafsi, nibadilishe hitimisho. Nimesahihisha nukta, nimepanga marejeo, nimenyoosha majedwali. Hitimisho nimeliacha lilivyo, na tasnifu nimeshaikabidhi. Wakitaka kunifelisha, wanifelishe kwa hilo. Nitarudi kwenye zahanati yangu bila joho, na wale wanawake bado watakuwa wanakwenda porini, wala si kwa ujinga.

Nyuma ya nyumba yetu, mume wangu ameanza kuchimba. Ardhi ya Mkonze ni ngumu, sururu inalia, na majirani wanauliza wenye choo cha vigae wanatafuta nini tena chini. Baba mkwe anakuja baada ya mavuno. Safari hii sivuki barabara.