Safari ya Kumtoa Maganga Golini

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikana kwamba ninafuatilia mpira. Nimekana mbele ya mume wangu, nimekana ofisini, na wakati mmoja niliandika makala nzima nikiwashangaa watu wazima wanaokosa usingizi kwa ajili ya kitu kilichojazwa upepo. Makala ile ilisifiwa sana. Niliiandika redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini kando ya dawati, nikisubiri kusikia kama mdogo wangu ameingizwa uwanjani.

Mdogo wangu anaitwa Maganga, na ni kipa wa akiba. Kazi yake ni kukaa benchi mpaka mechi ikaribie kwisha bila mshindi, pale ambapo kila mtu anajua kinachofuata ni penalti. Hapo kocha humtoa kipa wa kwanza, kwa kawaida kijana mrefu mwenye nywele za kisasa, na kumwingiza Maganga, mwenye kitambi kidogo na glavu zilizoshonwa kwa mkono. Ameifanya kazi hiyo Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na sasa Tabora. Timu nyingine zilikufa akiwa bado anazichezea. Yeye alikunja jezi, akauliza treni ni lini.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu kutoka Urambo.

"Kalunde, nenda Tabora ukamtoe mwenzako golini. Aje nyumbani kabla hatujaanza vitalu vya tumbaku."

"Mama, Maganga hanisikilizi."

"Wewe si ndiye uliyesoma? Nenda akakusikilize. Bani la baba yenu la kukaushia tumbaku linaanguka, mwenzako yuko Tabora anarukaruka na kaptula. Watu wananiuliza mwanao yuko wapi siku hizi, nabaki natazama juu kama mtu anayeangalia mvua."

Nikapanga safari, nikimwambia mume wangu kwamba ni mambo ya kifamilia. Kwamba siku ya kufika kwangu ingekuwa pia siku moja kabla ya mechi ya kuamua nani anapanda daraja, hilo sikulitaja.

Dar es Salaam, asubuhi, mume wangu alinisindikiza stesheni. Yeye ni Mzaramo, yaani mtani wangu. Sisi Wanyamwezi tuliupata utani huo katika njia ya misafara, tulipokuwa tukibeba mizigo kutoka bara kwenda pwani na kurudi. Wenyeji wa huko wakapata ruhusa ya kututukana, nasi kuwatukana, hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Aliutazama mkoba wangu.

"Utaubeba begani," akaniuliza, "au kichwani kama kawaida ya kwenu?"

"Kichwani. Na babu zako wakiamka chini ya minazi, waambie tumeshapita."

Dodoma nilishuka kwenye treni ya umeme, iliyonifikisha kabla sijamaliza karanga zangu, nikangoja treni ya zamani inayokwenda bara. Maganga alikuwa ameniambia kwenye simu: "Panda behewa la mwisho, dada. Ndilo langu. Nimezoea kuona wenzangu wakitangulia." Nikapanda la mwisho. Reli hapa, kwa sehemu kubwa, inafuata njia ileile ya wapagazi. Inasemekana zamani kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani ilikuwa shida kupata mtu wa kumhesabu kuwa mwanamume. Nilikaa dirishani Manyoni ikipita, Itigi ikipita, miombo ikianza kusogea karibu, nikijiuliza kama mama za wapagazi wale nao walikuwa wanatuma dada zao wakawatoe njiani.

Igalula, kulipokucha, alipanda mama mmoja mwenye ndoo ya asali, akakaa mkabala nami na kuanza kunihoji kwa utulivu wa hakimu.

"Unakwenda mechi?"

"Nakwenda kwa ndugu yangu."

"Ndugu gani?"

"Anaitwa Maganga. Anacheza… nafikiri anacheza mpira."

"Maganga kipa? Yule wa kuchelewa?"

"Kwa nini wa kuchelewa?"

"Si anaingia watu wakishaanza kukung'uta suruali waende nyumbani! Mume wangu ukimwita chakula anasema ngoja kwanza Maganga aingie." Akageuka. "Jamani, huyu dada yake Maganga!"

Behewa zima likanitazama. Mzee mmoja akavua kofia. Kondakta, ambaye tangu Dodoma alikuwa ananiangalia kama mzigo uliokosa lebo, akaniuliza kama upepo wa dirisha hilo haunisumbui. Nilijikuta nikisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Ni mdogo wangu. Tumbo moja." Hapo nilikuwa tayari nimeshaanza kuharibu kazi niliyotumwa.

Tabora, mtaa wa Ipuli, nilimkuta Maganga uani anafua glavu katika beseni. Alisimama, mikono inachuruzika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa."

"Benchi, dada. Benchi linanenepesha."

Mwenye nyumba aliyempangisha chumba, Bi Mwajuma, ni Mzaramo aliyeolewa Tabora, akafiwa na mume hukohuko, yeye akabaki. Alitoka jikoni akiwa na mwiko.

"Umekuja kumchukua mpagazi wangu? Mchukue. Anakula kama msafara mzima."

"Bi Mwajuma," akasema Maganga bila kuinua kichwa, "nyie mlipewa bahari nzima, mkashindwa hata kuichota."

"Tulikuwa tunangoja wabebaji wafike. Mlichelewa, kama wewe unavyochelewa kuingia uwanjani."

Maganga alicheka mpaka povu la sabuni likamrukia usoni. Baadaye, tukila ugali na mlenda, nilimweleza ujumbe wa mama. Nilikuwa nimeuandaa vizuri, wenye utangulizi na hitimisho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama ana haki," akasema. "Lakini dada, unajua ninafanyaje kazi yangu?"

"Unaruka upande mmoja, unaomba Mungu."

"Hiyo ni ya vijana. Mimi kabla ya penalti nakwenda kuwasalimia wapigaji wa wenzetu. Namwuliza kila mmoja, kwenu wapi? Nikimpata mtani namtukana papo hapo. Sasa mtani hawezi kukasirika, si ndiyo? Lakini hawezi pia kunyamaza. Lazima anijibu. Na mahali pa kunijibia ni palepale kwenye mpira. Ataweka pembeni kwa ufundi? Hawekiiii. Anataka kunipasua kifua, watu waone. Anapiga katikati, kwa nguvu zake zote."

"Na wewe?"

"Mimi sitoki. Nasimama tu."

Bi Mwajuma akaingilia: "Na mimi ndiye ninayemnoa. Kila asubuhi, kabla ya chai. Ikifika siku ya mechi, matusi yake yanavunja hata meza."

Ndipo Maganga akaniwekea sharti lake. Kesho, kama akiingizwa na akafungwa penalti zote, angefunga begi lake tukaondoka pamoja kwenda Urambo, na mama asingemsikia tena akitaja neno goli. Akiokoa hata moja, ningekwenda Urambo peke yangu, nikamwambie mama kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mwanawe hajamaliza.

"Kwa mdomo wako, dada. Siyo kwa makala."

Tukapeana mikono.

Uwanjani, siku iliyofuata, nilikaa na Bi Mwajuma kwenye jua, kanga kichwani. Wapinzani walikuwa wametoka Pwani. Mechi yenyewe siwezi kuisimulia kwa haki kwa sababu macho yangu yalikuwa benchini, kwa mwanamume wa makamo aliyekuwa akila machungwa. Hakuna aliyefunga. Vumbi lilipoanza kuwa jekundu, uwanja mzima ukaanza kuimba jina lake. Ndugu msomaji, nilikuwa sijawahi kusikia jina la mtu wa kwetu likiimbwa nje ya kanisa. Kocha akainua mkono. Maganga akafuta mikono kwenye soksi, akavaa glavu, akaingia taratibu kama mtu anayeingia kwake.

Refa akiwa bado na manahodha, nilimwona anawaendea wapigaji wa Pwani pale katikati ya uwanja, anashika mkono wa huyu, anamgusa bega yule. Kijana mmoja, mwembamba, aliinama kidogo. Hata kutoka mbali nilijua ametoa shikamoo, nikaona na midomo ya Maganga ikiitikia marahaba. Mwingine, mwenye mabega mapana, alirusha kichwa nyuma akacheka, kisha akamnyooshea kidole kana kwamba anamwambia utaona. Refa akapuliza filimbi, akamwonyesha Maganga golini.

"Huyo wa mabega wa kwetu," Bi Mwajuma akasema. "Nimemjua kwa kicheko."

Yule wa shikamoo alipiga wa kwanza, akauweka pembeni taratibu, kwa adabu kabisa. Maganga hakuugusa. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukaingia. Wetu nao walikuwa wanafunga, na mimi, mwandishi wa makala ile iliyosifiwa, nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha saruji nimeshika kanga ya mtu nisiyemjua. Wa nne akafunga. Kwa upande wetu zote nne zilikuwa ndani. Maganga hakuwa ameokoa hata moja, na nilianza kuliona begi lake likifungwa.

Wa tano wao alikuwa yule wa mabega.

Aliuweka mpira chini, akarudi nyuma mbali sana, mbali kuliko wenzake wote. Maganga akasimama katikati ya goli, mikono imelegea. Kijana akaja mbio. Maganga hakutoka. Mpira ulimpiga kifuani kwa kishindo tulichokisikia huku juu, ukaruka mbele, yeye akakaa chini kwa matako. Kisha akiwa amekaa vilevile, anatafuta pumzi, akampungia yule mtani wake mkono. Mshambuliaji wetu akafunga ya mwisho, tukapanda daraja.

Sijui nilisema nini. Bi Mwajuma anasema nilipiga vigelegele na nikamwambia askari wa uwanjani kwamba mtoto yule nilimfundisha mimi kutembea. Mbele ya wote, yule kijana wa mabega alikuja akamwinua Maganga, wakakumbatiana, na kutoka mdomoni mwake nilisoma neno moja tu: mpagazi.

Siku mbili baadaye, Ipuli, kocha alikuja kunywa chai. Alikoroga sukari muda mrefu.

"Kaka Maganga, ligi ya juu siyo hii. Viongozi wanataka makipa vijana. Wanakushukuru sana."

Nilimtazama mdogo wangu. Akachukua birika.

"Nimekuelewa, kocha. Nikuongezee chai?"

Kocha alipoondoka, Bi Mwajuma hakumtukana Maganga hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limekuwa zito. Maganga akanikumbusha sharti. "Nenda dada. Niliokoa moja."

Urambo nilifika mchana. Mama alikuwa kwenye bani, anapanga majani ya tumbaku kwa madaraja, mazuri huku, yaliyoungua kule. Nikamsalimia, akaitikia, akaniambia nikae. Nikasimulia yote, kwa mdomo wangu: behewa, jina lililoimbwa, kifua kile, chai ya kocha. Alipanga majani bila kuniangalia.

"Mpira mimi siujui," akasema. "Na hao waliomwimba ndio waliomfukuza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi arudi. Hajamaliza nini, kama wao wamemmaliza?"

Nilikuwa nimeshindwa sharti la Tabora, nikashindwa na hili. Nilipoinuka kwenda kunywa maji niliiona redio yake imening'inizwa kwenye msumari, ndani ya nyumba, pale moshi wa bani usipofika. Ilikuwa imefutwa vumbi, na chini yake kulikuwa na maganda ya betri mpya. Nikaelewa mara moja, kwa sababu yangu huwa naificha vilevile. Niliaga siku iliyofuata, naye akanisindikiza mpaka barabarani, akauliza kana kwamba anauliza hali ya hewa: "Hicho kifua, hakikuvimba?"

"Kimevimba kidogo."

"Apake mafuta ya nyonyo," akasema, akarudi.

Tabora nililala kwa Bi Mwajuma siku chache. Maganga alikuwa anazungumza na watu kwenye simu, anatoka, anarudi, hasemi kitu, nami niliacha kuuliza. Asubuhi ya kuondoka alinipeleka stesheni akanitafutia nafasi, behewa la mwisho.

Igalula tena, safari hii nikielekea Dar. Treni ilisimama muda mrefu kupisha nyingine. Nilikuwa namtafuta kwa macho yule mama wa asali pale nje, simu ikalia. Ilikuwa namba ya mama, na nyuma yake makelele ya watu.

"Kalunde! Niko stesheni."

"Stesheni gani, mama?"

"Ya Urambo, kwani kuna nyingine? Mwenzako kapata timu Kigoma. Kanipigia leo. Treni yake si inapita hapa? Nimemletea viazi vikavu, matobolwa na michembe, na chupa ya mafuta ya nyonyo. Mtu hawezi kusafiri hivihivi tumbo tupu, kifua kimevimba."

"Na bani, mama?"

"Bani nimemwachia jirani akaushie yake mwaka huu. Bani litakimbia?" Kisha sauti yake ikaenda mbali na simu, nikamsikia akimwambia mtu pembeni yake, taratibu, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto kusoma: "Ni mwanangu. Kipa. Wa penalti." Akarudi kwangu. "Kalunde, upo? Inakuja, naiona. Na ni ndefu. Nitasimama wapi?"

Machozi yalikuwa yananichuruzika, mbele ya behewa zima.

"Nenda nyuma kabisa, mama," nikamwambia. "Huyo yuko la mwisho."