Jeti ya Kuazima

Juzi pale Mbumbuni nilikuwa nimeshapanda boda, mtoto mgongoni, roho ikikimbilia kliniki, fundi wa pikipiki wa hapo steji alipomwita dereva wangu. Mbele ya fundi, jamaa mmoja alikuwa akipiga kiki pikipiki aliyonunua kuukuu. Mwenyewe wa kwanza aliibadilisha kabureta, na sasa ilitoa moshi mweusi na kuzima kila mlima. Tangu asubuhi jamaa hakuwa amefikisha abiria hata mmoja.

"Hiyo ni pikipiki ama jiko?" wenzake wa steji walimcheka.

"Jeti yake inamwaga petroli mingi," fundi akamwambia dereva wangu. "Niazime yako nijaribu."

"Mama, shuka kidogo," dereva akaniambia.

"Kidogo gani? Kliniki inafungwa!"

Dereva wangu alishafungua kabureta yake, akatoa jeti, kile kishaba kidogo chenye tundu la kupitisha petroli. Kilipotiwa kwenye pikipiki ya yule jamaa, ikanguruma bila moshi. Jamaa akainama akitoe, amrudishie mwenyewe.

"Wacha," dereva wangu akasema. "Peleka huyu mama. Mimi nitangoja fundi anitafutie ingine."

Mimi na yule jamaa tulipanda mlima wote bila pikipiki kuzima. Wanasema watu wa boda hunyang'anyana abiria. Mimi nilipeanwa, pamoja na jeti.