Nilivyoumaliza Mgongo wa Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya saa moja asubuhi, blauzi nyeupe imepigwa pasi vizuri, nikidhani nitaanza kwa kugusa wagonjwa. Chef de service, yaani mkubwa wa idara yetu, alinipa ufagio. Nikafagia chumba cha kinesitherapia, ile kazi ya kutibu mwili kwa mikono, mazoezi na joto bila kisu. Nilifagia mara tatu, maana vumbi jeusi la mawe ya volkeno hapa Goma halina adabu, huingia chini ya mlango hata ukiziba kwa tambara. Hospitali yenyewe sitaitaja. Nilikuwa msichana wa Bukavu, mwenye diploma mpya na kiburi kipya.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo mtacheka vifaa vyetu. Tulikuwa na taa nyekundu ya kupasha misuli joto. Tulikuwa na kitanda cha traksheni, ambapo tulimfunga mgonjwa mikanda kifuani na kiunoni, kisha tukamvuta kwa kamba na vyuma vizito, tukiamini pingili za mgongo zitaachana na maumivu yatapata pa kutokea. Wengine walishuka wakisema wamepona, wakafika barabarani, wakageuka. Tulikuwa pia na kabati la gaine, ule mkanda mgumu wa kiunoni wenye vyuma ndani. Gaine ilipendwa sana kwa sababu ilionekana. Mazoezi hayakupendwa na mtu. Nani apande gari kutoka Masisi kuja kuambiwa ainue mguu?

Lakini mfalme wa chumba kile alikuwa kisanduku cha mwanga ukutani, cha kutazamia radio. Radio kwetu ni picha ya mifupa. Chef aliibandika pale, akamwita mgonjwa na ndugu zake wote, akawaonyesha kwa kalamu mahali mfupa ulipolika. Wiki ile ya kwanza alinivuta pembeni.

"Mama, sikia. Mugonjwa haponi juu ya mikono yako. Anapona kwa sababu anatii. Na kusudi atii, lazima aone, na akiona, lazima aogope."

"Ndiyo, Chef."

"Usiseme 'labda'. Mugonjwa hapendi labda."

Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu, na nikayafuata kuliko amri za Kanisa. Wagonjwa nao waliipenda radio yao. Waliiweka katika bahasha chini ya godoro, wakaitoa kuwaonyesha wageni. Lava ilipoingia mjini watu walikimbia na sufuria, watoto na bahasha ile. Niliwaona kwa macho yangu njiani, na kusema kweli nilijisikia fahari.

Riziki alikuja kwangu katika mwaka wangu wa tatu. Alikuwa anachukua sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale Kituku mitumbwi inapofika asubuhi, anapanda navyo kichwani mpaka Birere kuviuza. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa mwisho, msichana wa miezi michache, amefungwa kwa kitenge. Chef alikuwa mkutanoni, basi radio niliisoma mimi. Nilimfungua mtoto mgongoni kwa mikono yangu, nikampakata, nikamsogeza Riziki mbele ya kisanduku.

"Unaona hapa? Hii diski, huu muto kati ya mifupa, imelika. Na hapa. Na hapa tena. Mugongo yako imekwisha."

"Imekwisha namna gani, mama kine? Mimi natembea." Kine ndivyo walivyotuita sisi wa kinesitherapia.

"Unatembea leo. Ukiendelea kubeba, utalala kitandani mpaka kufa. Usibebe tena beseni. Hata huyu mutoto, usimubebe."

"Sasa nani atamubeba?"

"Mupe mutu mwingine."

Nilisema hivyo nikiwa tayari natazama mlangoni aliyefuata. Nilimkabidhi mtoto, lakini hakumrudisha mgongoni. Alitoka naye amemshika mbele, mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la mwenzake. Muda si mrefu dada mkubwa wa Riziki alivuka ziwa kutoka Bukavu, akamchukua yule mtoto, akarudi naye kwa boti. Jina la mtoto lilikuwa Aline. Riziki alinisimulia mwenyewe alipokuja kuchukua gaine yake ya kwanza, na mimi nikampongeza kwa kutii.

Alitii kweli. Aliacha beseni, akakaa kwenye kiti akiuza sabuni mlangoni kwake, na kila gaine ilipochakaa alikuja kwa nyingine. Maumivu hayakupungua, yaliongezeka. Mimi nikasema: si nilimwambia?

Baadaye nilipelekwa kituo cha afya upande wa Bunagana, mpakani. Mkubwa wangu pale alikuwa Titulaire, muuguzi anayeongoza kituo, mtu mfupi, mwenye dhihaka. Hakukuwa na kisanduku cha mwanga wala taa nyekundu. Wagonjwa wengi walikuwa wabebaji wa mizigo ya forodhani, na walikuja wakilia viuno.

"Mutawapiga radio wapi?" nilimuuliza.

"Radio ya nini? Mutu anaumwa mugongo, umupe dawa ya siku mbili tatu, umukande na maji ya moto, umuambie atembee. Akirudi na mguu umekufa, hapo namutuma kwa docta."

Nilimwona mshamba. Wabebaji wake walipona kwa wingi kuliko wagonjwa wangu wa Goma, na mimi nilidhani ni kwa sababu wao ni watu wa milimani. Mtu akitaka kutoona, hakosi sababu. Nilikaa pale mpaka vita viliposogea, nikarudishwa Goma na sanduku moja la nguo, nikakuta Chef amestaafu na kiti chake ninakalia mimi.

Ndipo alipoletwa daktari mmoja mwanamke kutufundisha. Tulimwita Docta Mkufunzi. Alibandika radio kadhaa zisizo na majina, akatuuliza ni nani anaumwa zaidi. Nilisimama mbele ya wote nikachagua iliyo mbaya kuliko zote, pingili zimesagika, diski zimekuwa nyembamba. Nikasema: "Huyu hawezi hata kuinama."

Docta Mkufunzi akafungua mlango akaita. Aliingia mama wa kufua wa hospitali yetu, beseni la mashuka mabichi kichwani. Akalishusha, akatusalimia.

"Mama, mugongo inaendelea aje?"

"Mugongo gani? Mimi naumwa meno tu."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa, kwa sababu mawazoni niliyemwona mbele yangu hakuwa mama wa kufua. Alikuwa Riziki, kwenye kiti chake mlangoni.

Nawaeleza alivyotueleza sisi. Maumivu ya mgongo yakipita miezi mitatu tunayaita sugu. Mengi ya hayo, hata ukitafuta, huoni kitu kilichovunjika kinachoyaeleza. Mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele, na hofu, kukosa usingizi, huzuni na kukaa bila kujongea huizidishia kelele. Diski iliyolika kwenye radio mara nyingi ni kama mvi, watu wengi wanayo na hawaumwi popote. Ziko alama za kuogopa kweli: mguu kupoteza nguvu, mkojo kutoka bila ruhusa au kugoma, ganzi katikati ya mapaja, homa, kukonda bila sababu, kuanguka vibaya. Mwenye hata moja apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Wengine wote watembee, wajengwe nguvu polepole, wakandwe kwa joto, walale vizuri, dawa kwa muda mfupi, na zaidi ya yote waelezwe bila kutishwa. Neno la mtabibu huingia mwilini, na halina dawa ya kulitoa haraka.

Nilikwenda kwa Riziki wiki ileile. Nilimkuta kwenye kiti chake. Nilimwambia kwamba tumejifunza mambo mapya, kwamba mgongo wake una nguvu, kwamba tutaanza upya. Mnaona nilivyosema? "Tumejifunza mambo mapya." Sikusema: nilikukosea. Alinitazama sana, kisha akasema: "Wewe ndiyo unajua, mama kine."

Tulianza kwa hatua chache, kutoka mlangoni mpaka kwa jirani muuza makala, yaani mkaa. Tukapunguza gaine saa kwa saa. Tukainua beseni tupu, kisha lenye maji kidogo, kisha nusu. Siku mbaya zilikuwepo, nami nilimfundisha kwamba kuuma si kuvunjika. Mwaka ule nilistaafu, lakini niliendelea kwenda kwake. Asubuhi moja nilimkuta Kituku, beseni la sambaza kichwani, anabishana na mvuvi kwa sauti ya msichana. Nililia pale mbele za watu, bila aibu. Nilijua kazi yangu imetengeneza mtu mmoja.

Aline alikuwa amerudi. Yule dada wa Bukavu aliyemlea alifariki, na binti, sasa mtu mzima, akaja kuishi na mama yake. Mwanzoni alimwita "Mama Riziki", kama anavyoitwa na jirani yeyote. Riziki alitoa bahasha chini ya godoro, akamwonyesha ile radio, akamweleza kwa nini hakumlea. Aline akaamini, na baada ya miezi akaanza kusema "mama" tu. Hayo sikuyajua. Niliyajua siku walipokuja kwangu wote wawili.

Aline alikuwa ameshika bahasha. Hakukaa.

"Mama kine, niko na swali moja. Beseni, aliniambia ni mazoezi ya kumutibu, nikakubali. Jana nimemukuta mama amebeba mutoto wa jirani ku mugongo. Anacheka naye. Anamurusha juu. Sasa nauliza, kama hii mugongo inaweza kubeba, mbona mimi haikunibeba?"

Riziki alikuwa nyuma yake, anatazama sakafu.

"Niambie tu kweli," Aline akasema. "Ile siku, mugongo ya mama ilikuwa imekwisha, ao alikuwa amenichoka?"

Jibu lilikuwapo, na lilikuwa rahisi. Haukuwa umekwisha, binti yangu, na wala hakukuchoka. Mimi ndiye niliyekufungua mgongoni mwake na kumwambia akupe mtu mwingine, naye alinitii. Kosa ni langu. Jibu hilo lingemsafisha mama na kunichafua mimi peke yangu. Nililihisi ulimini.

Lakini nilitazama ukuta wangu, zile picha za sherehe ya kustaafu, na yule binti aliyesimama akinisubiri kama hakimu, nikaogopa. Nilichukua radio, nikaiinua dirishani kama Chef alivyonifundisha, nikamwonyesha kwa kidole.

"Ilikuwa imekwisha kabisa. Angekubeba, angekufa. Hata sasa amebahatika tu, na hafai kuchezea hiyo bahati."

Aline aliangua kilio, akamkumbatia mama yake. "Mama, unisamehe," alirudia, "unisamehe." Juu ya bega lake Riziki alinitazama. Tulipoagana alinishika mkono kwa nguvu.

"Aksanti. Umenirudishia mutoto."

Nilijiambia nimemlinda. Nilijidanganya kwa siku kadhaa, na usingizi niliupata. Kisha nilipita kwake, nikamkuta kwenye kiti, amevaa gaine.

"Riziki, na mazoezi?"

Alisubiri Aline aingie jikoni. "Mazoezi nitayafanya mbele ya nani, mama kine? Akiniona nabeba, ataanza tena kuuliza. Wacha nikae. Ni kukaa tu."

Niliujua mwili wake kuliko yeye. Nilijua hakuna "kukaa tu". Kabla mvua hazijaisha, alikuwa anaumwa kweli. Aliamka akiwa amekakamaa, akashindwa kufika kwa muuza makala, na safari hii alisema mguu nao unawaka. Nilimpima nikitafuta zile alama za kuogopa, sikukuta hata moja. Mgongo ulikuwa mzima kama siku ya kwanza alipouleta kwangu. Mtabibu mwingine akimwambia hivyo, Riziki hatamsikiliza, kwa sababu hana ruhusa ya kupona.

Wenzangu wanaoandika habari za kazi zao humaliza kwa shukrani na nasaha. Mimi nasaha nimeshawapa, na mtu yeyote anaweza kuwapa. Mtafundishwa vizuri kuliko sisi, na vitanda vya kamba mtaviona kwenye stoo. Lakini itakuja siku utasimama mbele ya mtu uliyemharibia, na elimu yako yote mpya itakuwa kichwani, na ulimi utachagua kulinda jina lako. Sina zoezi la kuwapa kwa ajili ya hilo. Nililitafuta kwa ajili yangu, sikulipata.

Nikitoka misa ya kwanza Jumapili napita kwao. Kila mara nimeshaandaa sentensi njiani, fupi, ya kusemwa kwa pumzi moja. Aline hukimbia kunipokea, hunipa kiti kizuri, huniita mwokozi wa mama yake. Kisha huinama, humfunga Riziki gaine na kukaza vizuri, kwa upendo, kama nilivyomfundisha mimi. Hunimiminia chai. Ninakunywa, ninashukuru, ninakwenda nyumbani.