Vumbi la Pundamilia na Mbao za Ukuta

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya mbao. Nilitoka sokoni kuuza mbaazi za msimu uliopita, nikapita kwenye ukumbi wa video wa wanangu pale Maisaka, nikakuta mbao zimeegeshwa mlangoni na seremala anapima katikati ya chumba.

"Unapima nini?" nikamuuliza.

"Ukuta, mama. Safari abaki huku, Boay abaki kule."

Mwanangu, kaa vizuri nikueleze. Boay na Safari ni watoto wa marehemu mdogo wangu. Niliwalea mimi, kwa hiyo ni wanangu, na hilo halina mjadala. Huyo mdogo wangu, mama yao, aliwaachia chumba kile kimoja, nao wakakifanya ukumbi wa video. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, wageni wanaingia Babati kufanya kazi maofisini na madukani, na jioni hawana pa kwenda. Vijana wangu wakapata riziki, tena kwa kucheka. Mpaka baba yao mdogo alipowaletea zawadi.

Huyo baba mdogo alikuwa dalali wa madini Mererani. Alisafiri nje, akarudi na runinga moja pana na mashine mbili za diski, za aina mpya yenye picha kali. Alinunua mbili makusudi, asionekane anapendelea mtu. Hata filamu ya wanyama aliinunua mara mbili, kila kijana na yake. Maskini, alidhani ameziba ugomvi. Kumbe mashine zile zilikuwa za watengenezaji wanaoshindana, na diski ya huku haisomeki kule. Ya Safari iliitwa Blu-ray, ya Boay HD DVD. Majina hayo sikuyasoma popote, niliyajua kwa kuwasikia wakigombana. Diski zenyewe ukiziangalia zilifanana kama sahani mbili za seti moja.

"Diski yangu inabeba vingi zaidi," Safari anasema.

"Inabeba vingi, inaonyesha nini?" Boay anamjibu.

Asubuhi hivyo, jioni hivyo, wanagombea nani achomeke mashine yake kwenye runinga. Wakaacha kula pamoja. Mtu akiyakataa makande yangu, ujue kuna jambo zito. Sasa wamefika kwenye ukuta.

Nikamwambia seremala azipakie mbao zote kwenye mkokoteni azipeleke kwangu Nakwa. Vijana wakaanza kunung'unika. Nikawaambia, "Kwanza nione kwa macho yangu mnachogombania. Ukuta baadaye."

Jioni tukamwita Aloisi, fundi redio jirani yetu, kijana wa kutoka Moshi, azichomeke mashine kwa zamu. Akaanza na ya Safari. Simba amelala kwenye majani, picha safi kabisa, unaona sharubu moja moja. Safari akatabasamu. Mara pundamilia wakatimua mbio, vumbi likapanda, na hapo mambo yakaharibika. Vumbi likawa vimraba vimraba, kama sakafu ya vigae inayotembea, na miguu ya pundamilia ikapotelea humo. Aloisi akaweka ya Boay, mahali palepale. Vumbi likawa vumbi, na pundamilia ana mistari yake yote.

Boay akaruka juu. "Umechemsha, mdogo wangu! Diski kubwa, pundamilia hawana miguu!"

Watazamaji waliojaa ukumbini wakacheka sana. Hata mimi kicheko kilinitoka, maana kweli hawakuwa na miguu. Kisha nikamwona Safari anaangalia chini, uso wake kama siku tuliyomzika mama yake. Kicheko kikanikauka.

Nikamuuliza Aloisi kwa nini iwe hivyo. Akanieleza vizuri, bila maringo. "Mama, filamu nzima haiingii kwenye diski kama ilivyo, lazima ibanwe. Simba akilala hakuna shida, mashine inairudia picha ileile. Wanyama wakikimbia, kila kitu kinabadilika, na hapo ndipo nafasi inatakiwa. Diski ya Safari ina nafasi zaidi, ni kweli. Ila walioibana filamu hii walitumia njia ya zamani, inayokula nafasi. Ya Boay wameibana kwa njia mpya."

Mimi shule nilikaa kidogo, lakini hilo nililielewa palepale. "Kumbe ni mambo ya mbaazi! Gunia kubwa ukilijaza mbaazi na maganda yake, na dogo ukalijaza zilizopigwa na kupepetwa, dogo ndilo lenye chakula. Gunia halina kosa."

"Ndiyo hivyo, mama. Na wenye gunia kubwa wakianza kupepeta..."

"Waanze lini?" Boay akamkatiza, bado anacheka.

Nikamgeukia. "Wewe umepepeta nini? Diski hiyo uliibana wewe? Umeletewa kama mwenzako alivyoletewa, halafu unamcheka mtu mliyenyonya ziwa moja! Mbao zinakaa kwangu mpaka mbaazi zivunwe. Atakayezifuata kabla ya hapo, aje na sanda yake."

Hakuja mtu. Mbaazi zikavunwa, na ukuta haukutajwa, ila wale wawili walikuwa bado wanasalimiana kama watu waliokutana stendi. Baadaye baba yao mdogo akampelekea Safari filamu mpya, ya diski zilezile za nafasi kubwa, mara hii imebanwa kwa njia mpya. Farasi wanakimbia kwenye mchanga, na punje za mchanga unaziona. Wakati huohuo habari ikafika mjini kwamba watengenezaji wa mashine za aina ya Boay wamenyoosha mikono, hawatengenezi tena. Boay akakaa pembeni, mikono magotini, anasubiri kuchekwa. Na ukumbi ulikuwa umejaa.

Safari akainuka. Akaichukua mashine ya kaka yake, akaipangusa kwa shati lake, akaiweka chini ya runinga kando ya ile ya kwake.

"Kaka, yako inasoma DVD za kawaida vizuri kuliko yangu. Za kawaida tuwapigie kwa yako, mpya kwa yangu. Au nimechemsha?"

"Hujachemsha," Boay akasema.

Kesho yake Boay alifika mlangoni kwangu. "Shikamoo, mama mkubwa. Nimefuata zile mbao."

Moyo ukanipasuka. "Marahaba. Za nini tena?"

"Za mabenchi, mama. Watu wanatoka mbali, mpaka Mutuka, wanasimama."

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukipewa nafasi kubwa, usiijaze maganda ukadhani ukubwa wake utakuficha; siku ya mbio na vumbi utaonekana. Ukipewa ndogo, panga vizuri, itakutosha. Na ukimshinda ndugu yako, funga mdomo. Alichokosa leo atajifunza kesho, na wewe kesho hujui mashine yako itakuwa wapi. Ukiwa na hasira usimwite seremala. Mpelekee mbao mtu mzima akutunzie.

Benchi moja waliniletea, liko barazani hapa Nakwa. Ukija kunisalimia utakalia ule ukuta, na makande utakula, usiniletee sababu. Mungu akupe macho ya kuona hata penye vumbi, akupe ndugu wa kukupangusia chako kikichakaa, na kila ukuta unaotaka kuujenga kwa hasira augeuze benchi, ukalie na wenzako.