Nyuma ya Kulwa hadi Jokkmokk

Kosa langu lilikuwa sentensi moja tu, na niliitamka mwenyewe, nikiwa nimeshiba, kwa sauti ya mtu anayejiona mjanja: "Mimi sisafiri usiku. Jua likizama tunasimama, tunalala. Hilo ndilo sharti langu." Mke wangu Kulwa alikuwa anakunja nguo. Akajibu, "Sawa mume wangu," kwa upole ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili. Ulikuwa mwezi wa Juni, na tulikuwa tunakwenda Jokkmokk, kaskazini kabisa mwa Uswidi, ambako Juni jua halizami. Miaka yote niliyoishi Stockholm nilikuwa naliona linachelewa, nikalichukulia kama jirani mlevi: anachelewa, lakini mwishowe analala. Sikujua kwamba ukizidi kwenda juu halilali kabisa.

Sababu ya kuondoka ilikuwa moja na haikuwa yangu. Kulwa ni dereva wa basi. Aliposikia Jokkmokk wanatafuta madereva, akasema tuhame. Mimi nikasema hatuhami. Mimi ni mtu wa nyumbani, sifichi. Kazi yangu ni jikoni, katika shule moja ya Farsta. Nikitoka huko narudi nyumbani Vårby gård, pembeni ya Stockholm, navua viatu, nakaa kwenye sofa langu, na sofa linanijua. Hata kwenda Jakobsberg kumwona binti yetu, ambaye kila ninachomwambia kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi, kwangu ni safari ya kubebea chai kwenye chupa. Tulibishana majira yote ya kuchipua. Mwishoni tukakubaliana twende wote kwa pikipiki yake, tukaone, na tukirudi ndipo tuamue. Nilikubali kwa nia mbaya. Nilitaka kero za kutosha za kumshinda nazo.

Mjue pia kwamba Kulwa ni Msukuma na mimi ni Mzaramo, yaani watani. Tulianza kutukanana kabla ya kupendana, na hadi leo hatujaacha. Jioni moja kabla ya safari tulikuwa na wageni, wali umekwisha, watu wanachokonoa meno, Kulwa akatangaza, "Jamani, ile kazi nimeshaikubali. Huyu Mzaramo nitamwacha hapa na sofa lake, wazeeke pamoja." Watu wakaangua kicheko. Mtani akikuchoma, unacheka, ndivyo tulivyolelewa. Nilicheka kuliko wote. Nikamjibu kwamba Msukuma akifika kwenye theluji ataichunga akidhani ni ng'ombe weupe.

Alfajiri, Vårby gård. Nilipanda nyuma ya pikipiki nikiwa nimevaa nguo nyingi hadi miguu haikunji. Ndani ya kofia zetu ngumu Kulwa alikuwa amefunga vispika vya kuongelea, ili tusikilizane njiani. Hata Gävle hatujafika, alikuwa amekwisha kujua habari za kiuno changu, goti langu, na lori lililotupita karibu mno.

"Mtani," akasema sikioni mwangu, "unajua hiki kidude kina kitufe cha kukuzima?"

"Kizime. Nitalalamika kimoyomoyo."

Akakizima kweli. Niliongea peke yangu hadi Sundsvall.

Kutoka Sundsvall tuliiacha bahari, tukakata kuingia bara. Misonobari kulia, misonobari kushoto, na katikati barabara iliyonyooka kama adhabu. Nilikuwa na hasira na misonobari ile. Mti mmoja ni mti. Maelfu na maelfu yanayofanana ni dharau. Tulilala karibu na Östersund, ndani ya hema lililotosha mtu mmoja na nusu, na huyo nusu ndiye mimi. Jua lilizama, kwa shingo upande, nami nikamwonyesha Kulwa kwa kidole: sharti linafanya kazi.

Siku ya pili, Storuman. Saa nne usiku, ile inayoitwa usiku kwa heshima tu, jua lilikuwa linawaka kwenye maji ya ziwa kama saa kumi ya alasiri kwetu Kisarawe. Nikamwambia Kulwa tusimame.

"Jua limezama?" akauliza.

"Kulwa."

"Nauliza tu. Sharti ni la nani?"

Akaendelea. Tulipita wale reni, wanyama wenye mapembe kama matawi makavu, wamesimama katikati ya lami wakitutazama kana kwamba sisi ndio tumewaingilia sebuleni. Kulwa akapunguza mwendo, akawasubiri, hata honi hakupiga. Mimi kila siku napiga kelele kumwomba asimame, hanisikii. Mnyama anayetafuna tu, kasimamiwa. Aliponihurumia na kupiga hema, mbu walikuwa wametuandalia mapokezi. Mimi ni mtoto wa Pwani, msinifundishe mbu. Lakini mbu wa kwetu huja kama mwizi, kwa adabu fulani. Hawa walikuja kama harusi. Usingizi ulikataa, mwanga ukapenya kwenye kitambaa, na hata swala ya Magharibi niliiswali kwa kukisia, namwomba Mungu anisamehe saa na anikumbushe sababu ya kuolewa na pikipiki.

Baada ya Arvidsjaur ndipo mchezo ulipokwisha. Barabara ilikuwa inatengenezwa; lami ilikatika ghafla ikaanza changarawe, nene, inayoteleza kama maharage makavu yaliyomwagika sakafuni. Kulwa alikuwa ameniambia tangu mwanzo: kwenye kona mtu wa nyuma analala kule anakolalia dereva, asipingane naye. Ikaja kona. Yeye akalala kushoto. Mimi, kwa hofu na kwa ubishi, nikajivuta kulia. Pikipiki ikasita kama punda anayevutwa na watu wawili, gurudumu la nyuma likakimbia, tukaenda chini.

Hatukuwa na mwendo mkubwa, na ndio maana nasimulia. Niliinuka nikiwa mzima. Kulwa alibaki amekaa chini, kiganja cha kushoto amekibana kifuani.

"Umeona!" nikampigia kelele. "Umeona ulikotuleta! Tungekufa hapa, tukazikwa na nani? Na hawa mbu?"

Fundi mmoja wa barabara akaja mbio, akauliza kwa Kiswidi kama tuko salama. Kulwa akasema ndiyo. Mimi nikasema hapana. Yule bwana akavuta pumzi ndani kwa nguvu, "shup!", nikadhani ana pumu, kumbe ndivyo watu wa huko wanavyoitikia. Sikujua kamwitikia nani kati yetu. Akatusaidia kuisimamisha pikipiki, akarudi kwenye greda lake.

Mkono wa klachi ulikuwa umekatika. Kulwa alikuwa na wa akiba chini ya kiti, na spana. Kwa kuwa kiganja chake kilishaanza kuvimba, nilifunga mimi, yeye akinielekeza.

"Usiubane sana."

"Najua."

"Hujui. Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.  Sijui kwa nini mwanamume akiogopa mke wake asife, kinachomtoka mdomoni ni matusi, lakini kwangu ndivyo ilivyokuwa. Nilimkaripia kwa ajili ya klachi, changarawe, nchi ya Uswidi na kabila la Wasukuma tangu mababu.  Kulwa akavaa glavu polepole, akauma meno, akasema, "Panda." Tulivuka mstari wa Aktiki, ambao ukiupita jua la Juni halizami, penye kibao ambacho watalii hupiga nacho picha. Hatukupiga.

Jokkmokk ni mji mdogo, ukipiga chafya mtaa mzima unasikia. Tulifikia kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, aliyeletwa huko pamoja na watoto wake kama mkimbizi na akabaki. Kulwa alikuwa amemfahamu kwa simu tu, kupitia kikundi cha akina mama.

"Karibuni, muingie mbio, imbu inawakula!" akatupokea. Akakifunga kiganja cha Kulwa kwa kitambaa, akatupakulia bugali na sombe, kisamvu kwetu, na samaki wa ziwani. Ugali wa kukaribishwa, jamani, baada ya mikate mikavu ya njiani! Nilikula kwa hasira, lakini nilikula.

Asubuhi yake tukatembea hadi stendi ya mabasi. Mkuu wa madereva, mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, akatoka ofisini anatabasamu, akamshika Kulwa mkono wa kulia na kumwambia kwa Kiswidi kwamba sare yake imeshaagizwa, na wataonana Agosti.

Kiswidi changu ni cha jikoni, lakini Agosti naijua.

Tulirudi hadi kwenye ngazi za Mama Furaha. Hapo nikalipuka. Nikamwambia amenidanganya. Tulikubaliana tutazame kwanza, tuamue tukirudi. Nimekalishwa juu ya chuma nchi nzima, nimeliwa, nimeangushwa, kumbe hukumu imeshatoka na mimi nilikuwa mzigo wa kuzuia upepo! Miaka yote hii ya ndoa nimebishana naye, nimezozana naye, uongo sikuwahi kumkuta nao.

"Nilikuambia," Kulwa akasema.

"Lini?"

"Mbele ya wageni. Nilisema kazi nimeshaikubali."

"Ulikuwa unanitania!"

"La kazi lilikuwa kweli. La kukuacha na sofa ndilo lilikuwa utani. Wewe ukayacheka yote mawili." Sauti yake ilikuwa inapanda sasa, kumbe naye alikuwa amebeba ya kwake. "Mara ngapi nimekwambia nimechoka kuendesha basi la mjini, natukanwa kila kituo? Ukacheka. Nikasema nitakuwa kichaa. Ukasema Msukuma kichaa hatambuliki. Nikuambie kwa lugha gani, wewe mtu?"

"Kwa hiyo nikikataa, utakuja peke yako?"

"Nitakuja." Akafuta pua kwa kitambaa cha kiganja. "Kazi nimejikubalia mimi. Kwa niaba yako sijakubali kitu. Kama ningetaka kukuacha, ningekuvumilia njia nzima nyuma yangu kwa sababu gani?"

Sikumwamini. Nitakuwa mkweli, nilikuwa na hasira mno hata nisiweze kuamini. Akaingia ndani, nikabaki na mbu. Mama Furaha akatoka na kiti chake, akaketi kando yangu.

"Papa, uko unakasirika juu ya nini? Imbu itaisha mwezi wa munane."

"Si mbu, mama."

"Bon. Miye nilifikaka hapa na watoto, nikalia mwezi muzima. Hakuna mutu aliniuliza kama nataka. Weye bibi yako amekuleta kuangalia mbele ya kuhama." Akaniangalia kama mtoto aliyegoma kula. "Sasa umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimehesabu kero tu.

Njia ya kurudi tulianza kiganja chake kilipotulia. Nilivaa kofia, nikazima kispika mwenyewe. Yeye hakukiwasha. Nyuma ya mtu kwa siku nzima huoni uso wake, unaona mabega, na mabega ya Kulwa nilikuwa sijayatazama miaka mingi. Mjini akirudi kazini huwa yamepanda hadi masikioni. Kule, kwenye barabara tupu, yalikuwa yameshuka. Hilo nalo likaniudhi: kwamba nilihitaji kusafiri hadi huko kuona kitu kilichokuwa kinapita mbele ya sofa langu kila jioni.

Karibu na Dorotea mvua ilitukuta kwenye vilima vyenye kona. Alipolala kushoto, nililala kushoto. Alipolala kulia, hivyohivyo, macho nimefumba, meno nimeyauma. Tulipotoka upande wa pili akagonga goti langu mara moja kwa mkono wa kulia, akarudisha mkono kwenye usukani. Hasira zangu hazikuisha. Lakini nilishindwa kuendelea kuzihesabu.

Vårby gård tulifika tunanuka moshi na mvua. Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba utani ni mlango mzuri wa kuingilia ndoa, lakini ukikaa hapo mlangoni miaka yote, mwenzako anapita na kutoka na wewe unacheka tu. Nimejifunza kwamba naweza kukasirika bila kupumzika kutoka Stockholm hadi Jokkmokk. Na kwamba nilichokuwa nakiogopa hakikuwa baridi wala mbu wala kuliacha jiji. Niliogopa kuwa mtu anayeachwa, nikaona heri niwe mtu anayekataa.

Kesho yake nilishuka kufua nguo za safari. Kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu nikamkuta Mzee Odongo wa ghorofa ya juu, Mganda aliyekuja huku zamani akiwa mkimbizi wa siasa, anasubiri mashine yake imalize. Nikammwagia yote: changarawe, klachi, Agosti, sare iliyoagizwa nyuma ya mgongo wangu. Nikamwambia sijui hata kama yule mwanamke bado ananitaka. Mzee Odongo akatoa shuka zake moja moja, akazikunja, akaweka kwenye kapu, ndipo akanitazama.

"Wewe bwana, mwanamke amekubeba mpaka mwisho wa dunia na mkono umevimba, akakurudisha mzima, halafu unakuja kuniuliza mimi kama anakutaka? Toa hizo nguo, zamu ya mashine leo ni yangu, nenda ukafunge vyombo vya kuhamia huko."