Geji ya Petroli na Watoto wa Mbuzi

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni mpira wa petroli mwembamba kuliko kidole changu kidogo: uingie ndani ya kebini au usiingie?

Pikapu ya baba ilikuwa imebadilishwa injini, ikawekwa yenye turbo ya kuiongezea nguvu, ili ibebe mbuzi hadi soko la Kajiado bila kuchoka njiani. Fundi wetu wa Kitengela alituonya kwamba injini kama hiyo ikikosa petroli ya kutosha inapokazwa mwendo, inaungua ndani kwa ndani bila dereva kujua. Ilihitaji geji ya kuonyesha presha ya petroli. Baba, kwa kuwa nina digrii na sina kazi, alinituma nikaichague.

Fundi alikuwa na aina mbili. Ya kwanza hutumia mpira unaoleta petroli yenyewe mpaka nyuma ya dashibodi. Ya pili hutumia sensa, yaani kifaa kidogo cha kupimia presha, iliyofungwa kwenye injini, na kinachoingia kwa dereva ni waya tu. Nilisoma maoni kwenye simu mpaka yakaanza kupingana. Wengine walisema sensa ikichoka hudanganya. Wengine waliogopa moto.

“Msomi, umekuja kununua ama kuoa?” fundi aliniuliza. “Chukua ya mpira. Hiyo haidanganyi.”

“Na mpira ukitoboka?”

“Utatobolewa na nani?”

Swali hilo lilinifanya nimpigie baba simu.

“Baba, vile vitoto vya mbuzi bado unavibeba mbele?”

“Sasa niviweke nyuma vipigwe na hiyo baridi vife? Vinakaa hapo chini, kwa miguu ya mama yako.”

“Vinatafuna vitu?”

“Mbuzi ni mbuzi. Juzi vilikula kamba ya kiatu chake, na alikuwa amekivaa.”

Fundi, aliyekuwa akisikia yote, alicheka, kisha akaisukuma kando ile geji ya mpira. Sote wawili tulikuwa tunamwona mama amekaa pale, petroli ikimwagika miguuni mwake.

“Hiyo ya mbuzi sikuwa nimefikiria,” alisema.

Nilijiuliza mara ya mwisho: waya ukitafunwa je? Mshale wa geji utaanguka, baba atasimamisha gari. Hakuna kitakachomwagika. Na sensa ikichoka, itabadilishwa.

Nikanunua ya waya. Fundi alifunga sensa, nami nikaingia chini ya dashibodi, nikaupitisha waya juu kabisa na kuufunga kwa vibanio vitatu, ingawa kimoja kingetosha.